Ukoo wa Mirongo: maandalizi ya Jumamosi, 10 Agosti

Jumanne, 30 Julai 2024

Shangazi Katibu, saa 1:40 asubuhi
Habari za asubuhi, wana ukoo. Waliothibitisha kuja hadi sasa ni wanne, na wawili kati yao ni mimi na mume wangu. Narudia kwa faida ya wale ambao simu zao huonyesha kwamba wamesoma lakini vidole vyao vimelala: Jumamosi tarehe 10 Agosti inatimia miaka 50 tangu Sunday Manara aifungie Yanga bao la ushindi dhidi ya Simba katika Uwanja wa Nyamagana hapa Mwanza. Tulikubaliana tangu Idi kwamba tutakutana uani kwa Babu, tutakula pamoja, na walioishuhudia mechi ile watawasimulia watoto. Mchango ni shilingi 20,000 kwa kila kaya, na mchapishaji wa bango anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mama Asha, saa 1:52 asubuhi
Shikamoo, Shangazi. Nimetuma mchango wangu tangu jana jioni. Naomba kujua kama sato watanunuliwa Mwaloni siku hiyo hiyo au watahifadhiwa mapema, ili nipange usafiri.

Shangazi Katibu, saa 1:55 asubuhi
Marahaba, mwanangu, mchango wako umefika. Tutawafuata Mwaloni alfajiri, kwa maana samaki aliyelala kwenye jokofu Babu humtambua kabla sahani haijatua mezani. Sasa tuje kwenye bango. Maneno niliyoyapendekeza ni haya: "Miaka 50 ya bao la Sunday Manara, Kompyuta. Nyamagana, 10 Agosti 1974. Yanga 2, Simba 1." Mwenye pingamizi aliseme sasa, asilisubirishe hadi wali upakuliwe.

Mjomba wa Igogo, saa 2:31 asubuhi
Mimi ninalo. Nitaketije kula pilau chini ya bango linalonikumbusha kwamba timu yangu iliongoza kwa bao la Adam Sabu kuanzia dakika ya 16 hadi dakika ya 87, zikiwa zimebaki dakika tatu tu tuondoke na ubingwa wa taifa? Ikiwa tunatundika mabango, basi litundikwe na la pili lenye jina la Abdallah Kibadeni, 19 Julai 1977, aliyefunga mabao matatu peke yake siku Yanga ilipofungwa 6-0 na isipate hata la kufutia machozi.

Kaka wa Temeke, saa 2:44 asubuhi
Shikamoo, Mjomba. Nilijua utafika 1977, ila sikutegemea ufike kabla ya chai. Unajua vizuri kuwa Yanga iliyofungwa sita ilikuwa imetoka kwenye mgogoro uliozaa klabu ya Pan African, na nyota wengi waliobeba timu ya Nyamagana walikuwa hawapo tena. Nyinyi mliifunga jezi.

Mjomba wa Igogo, saa 2:47 asubuhi
Marahaba. Jezi hiyo ndiyo iliyosajiliwa, ikaingia uwanjani na ikatoka nayo sita. Mgogoro wa nyumbani kwenu haukuletwa na Kibadeni.

Mjukuu wa Nyegezi, saa 3:05 asubuhi
Shikamooni nyote. Kwa kuwa nasomea mambo ya kompyuta, naomba kuuliza kuhusu jina hilo la utani la Manara: kompyuta ya mwaka 1974 ilikuwa na ukubwa wa chumba kizima na ilihitaji ubaridi muda wote. Je, mchezaji huyo naye alikuwa hivyo?

Kaka wa Temeke, saa 3:09 asubuhi
Hakuwa na ukubwa wa chumba, bali aliwafanya mabeki wa Simba waone chumba ni kidogo.

Mjomba wa Igogo, saa 3:10 asubuhi
Ubaridi aliupata baadaye huko Uholanzi.

Shangazi Katibu, saa 3:15 asubuhi
Ndugu zangu, mchapishaji anasubiri.

Mjukuu wa Nyegezi, saa 3:22 asubuhi
Samahani, Shangazi, ila swali langu lina sababu. Nimetafuta video ya mechi hiyo mtandaoni usiku kucha ili niwaonyeshe wadogo zangu ukutani, nami sijaiona. Mabao matano ya Yanga ya Novemba mwaka jana nimeyapata kwa kila upande wa kamera, hata lile moja la Simba.

Shangazi Katibu, saa 3:30 asubuhi
Hutaipata kwa urahisi, mjukuu wangu. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini huku Bara tulisubiri hadi 1994. Mechi ya Nyamagana iliingia katika nyumba nyingi kwa njia ya redio, na anayekusimulia jinsi Manara alivyokimbia, mara nyingi anakusimulia alivyomsikia mtangazaji akikimbia naye. Ndiyo maana nimeng'ang'ana na shughuli hii mpaka mkaniona msumbufu. Waliokuwa ndani ya uwanja ule na ambao bado tunaweza kuwauliza, katika ukoo huu amebaki mmoja.

Kaka wa Temeke, saa 3:48 asubuhi
Hapo Shangazi umesema. Marehemu Baba alimfuata Manara kwa masikio miaka yote, na hata alipokwenda klabu ya Heracles ya Almelo, Uholanzi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya, Baba alinunua ramani ya Ulaya akaizungushia Almelo duara kwa wino mwekundu. Baadaye zikasikika habari za Marekani, Austria na Dubai, na duara nazo zikaongezeka hadi Mama akasema kuwa ramani imepata surua. Ninayo hadi leo na nitakuja nayo. Hata hivyo, kabla Mjomba hajatuletea Kibadeni mezani, ingekuwa vyema kwanza Babu arudishiwe baiskeli yake.

Mjomba wa Igogo, saa 3:51 asubuhi
Nilijua tu. Baiskeli ile haikuwa ya kuwekeana dau. Marehemu baba yangu aliiazima, na aliyeiazima aliruhusiwa na mwenyewe mbele ya mashahidi.

Kaka wa Temeke, saa 3:53 asubuhi
Aliiazima asubuhi ya mechi, Mjomba, na hakuonekana Mirongo kwa wiki mbili baada ya mechi.

Mama Asha, saa 3:54 asubuhi
Jamani, tumuogope Mungu, watoto wamo humu.

Shangazi Katibu, saa 4:02 asubuhi
Habari ya baiskeli ilifungwa mbele ya wazee siku ya arobaini, na sitaki ifunguliwe humu. Narudi kwenye bango. Nahitaji pia mtu wa kwenda ofisi za Jiji kuulizia kama watoto wanaweza kuingizwa Nyamagana kwa nusu saa kabla ya chakula, ili Babu awaonyeshe magoli yalikuwa upande gani. Siku hizi kuna nyasi bandia, lakini ardhi ni ile ile. Nani anaweza kwenda?

Shangazi Katibu, saa 6:20 mchana
Nimeuliza nani anaweza kwenda ofisi za Jiji.

Shangazi Katibu, saa 8:45 mchana
Naona watu 23 wamesoma.

Baba Mdogo, saa 9:10 alasiri
Nilikuwa kazini. Ninaunga mkono.

Shangazi Katibu, saa 9:11 alasiri
Unaunga mkono jambo lipi?

Mjomba wa Igogo, saa 10:30 jioni
Nimetafakari. Mchango wangu nitautoa baada ya tarehe 8 Agosti, kwa kuwa siku hiyo watani wanakutana katika Ngao ya Jamii, na sioni busara ya kulipia sherehe ya Yanga ya mwaka 1974 kabla sijajua hali yangu ya moyo ya mwaka 2024.

Kaka wa Temeke, saa 10:33 jioni
Aliyemaliza ligi nafasi ya tatu ana haki ya kuwa mwangalifu.

Shangazi Katibu, saa 10:36 jioni
Mjomba, muuza mchele hasubiri Ngao ya Jamii.

Mjukuu wa Nyegezi, saa 1:15 usiku
Nimefika kwa Babu jioni hii. Amenisomesha ujumbe wote tangu wa asubuhi, mwingine mara mbili, na sasa ananiagiza niandike maneno yake bila kupamba. Anasema hivi:

"Nimewasikia. Mimi nilikuja Nyamagana kwa lori la pamba kutoka Magu, nikiwa nimekaa juu ya marobota, na dereva alituonya kwamba atakayechelewa kurudi atatembea kwa miguu. Zilipobaki dakika chache, nasi tuko nyuma kwa bao moja, nilikata tamaa nikatoka nje kuliwahi lori. Nilikuwa nimenunua muhogo wa kuchoma, umefungwa kwenye gazeti na chumvi yake ya pilipili, sijaumega, ndipo uwanja ukalipuka. Lile lilikuwa bao la Gibson Sembuli, nami sikuliona. Nilirudi mbio, nikamkuta bawabu mwenyewe ameacha lango anarukaruka, nikaingia mara ya pili bila tiketi.

Katika muda wa nyongeza ndipo nikamwona Sunday. Alikuwa na tabia ya kugeuza shingo kabla mpira haujamfikia, akahesabu nani yuko wapi, hata mpira ukitua mguuni mwake yeye alikuwa amekwisha kuamua, na beki alibaki kukabana na mahali alipokuwa. Bao lake la dakika ya 97 nililiona kwa macho haya. Lakini nililiona kwa sababu Sembuli alinirudisha.

Baadaye kule Zanzibar, katika fainali ya klabu za Afrika Mashariki na Kati ya mwaka 1975, Yanga ikamfunga Simba tena 2-0, na waliofunga ni wawili hao hao. Sunday hana shida ya kukumbukwa. Jina lake linatajwa kila mwaka, na mwanawe Haji akisema neno moja nchi nzima inabishana. Sembuli ni marehemu, na humu ndani tangu asubuhi mmemtaja Sabu, mmemtaja Kibadeni, mmeitaja hata baiskeli yangu, lakini yeye hakuna aliyemtaja. Bango likitundikwa bila jina la Sembuli, mimi nitakula chumbani kwangu.

Na hiyo baiskeli nitaizungumzia mwenyewe siku hiyo, Mjomba akiwepo."

Mama Asha, saa 1:31 usiku
Tumekusikia, Babu. Shikamoo.

Kaka wa Temeke, saa 1:34 usiku
Shikamoo, Babu. Tumekusikia.

Shangazi Katibu, saa 1:50 usiku
Shikamoo, Baba. Maneno ya bango yanabadilika usiku huu na yatasomeka: "Miaka 50 ya Nyamagana. Gibson Sembuli na Sunday Manara. 10 Agosti 1974." Nimezungumza na mchapishaji kwa simu, naye anasema upana utaongezeka na bei itapanda kidogo, kiasi ambacho sijui nitakitoa wapi ikiwa wachangiaji bado ni wanne. Pia anataka picha mbili. Ya Manara ninayo, imekatwa gazetini na inasomeka vizuri. Ya Sembuli sina. Mwenye nayo ailete kabla ya Alhamisi jioni, tafadhali, na isiwe ile ya timu nzima ambamo sura zote zinafanana.

Mjomba wa Igogo, saa 2:20 usiku
Kwa heshima ya Babu naondoa pingamizi langu la bango, na ninashukuru kwamba matokeo hayakuandikwa. Katika sanduku la marehemu baba yangu kuna picha kadhaa za wakati ule, nyingine zina wachezaji wa Yanga, msiniulize alizipata kwa nani. Nitazitazama kesho. Kuhusu kuhudhuria, nitawajulisha.

Kaka wa Temeke, saa 2:24 usiku
Sanduku hilo likifunguliwa, Mjomba, tazama na kengele ya baiskeli.

Shangazi Katibu, saa 2:26 usiku
Wewe hujatuma mchango.

Baba Mdogo, saa 3:02 usiku
Nilimaanisha ninaunga mkono suala la sato.

Shangazi Katibu, saa 3:05 usiku
Suala la ofisi za Jiji bado halina mtu. Nitauliza tena kesho saa moja asubuhi, na kesho nitauliza kwa majina.

Binamu wa Muscat, saa 7:48 usiku
Shikamooni wakubwa, na samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Nimesoma ujumbe wote kuanzia juu hadi chini na nimefurahi sana, hasa maneno ya Babu, ambayo nimewasomea wanangu kabla hawajalala. Nitatuma mchango wa kaya mbili, wangu na wa Mjomba, ili asiwe na sababu ya kusubiri tarehe 8. Ninaomba tu mtu mmoja anieleze kwa utulivu: hii ni baiskeli gani?