Naomba ushauri: nimetengeneza kifaa cha kuhesabu pumzi za watoto, je, nitangulize hataza (haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi) au maonyesho?

Fundi wa Vifaa, Mombasa

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali, na huu ni mwaka wa sita nikiwa nimeajiriwa katika hospitali moja hapa Pwani. Mara nyingi nimeitwa wodi ya watoto kutengeneza mashine ya oksijeni, nikamkuta muuguzi ameinama juu ya kitanda, jicho moja likiwa kwenye kifua cha mtoto na jingine kwenye saa ya ukutani, akihesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto akilia au akijipinda, hesabu hupotea na muuguzi huanza upya. Hesabu hiyo ina uzito mkubwa, kwa sababu kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano akifikisha 40, huhesabiwa kuwa anapumua haraka na hushukiwa kuwa na nimonia. Pumzi tano zikikosewa, mtoto aliyestahili dawa anaweza kurudishwa nyumbani.

Kwa miaka miwili, usiku na siku za mapumziko, nimetengeneza mkanda unaofungwa chini ya mbavu za mtoto na kutuma hesabu kwenye simu. Jinsi programu inavyotenganisha pumzi na kilio sitaieleza hapa, na hiyo ndiyo asili ya swali langu.

Miezi minane iliyopita niliuonyesha mkanda huo kwenye semina ya wahudumu wa afya. Wakala wa kampuni moja ya vifaa tiba aliupiga picha kila upande, akaniomba namba ya simu, kisha asinipigie. Baadaye nilisikia kuwa kampuni hiyo inamtafuta mtu wa kuitengenezea mkanda wa kupima pumzi. Sikulala siku tatu. Sasa nimealikwa kwenye shindano la wabunifu litakalofanyika baada ya wiki tatu, na masharti yake yanataka video inayoeleza kifaa kinavyofanya kazi, nayo itawekwa mtandaoni. Mwenzangu katika biashara anasema tusikose nafasi hii. Mke wangu anasema nisubiri hataza. Nami ninajiuliza pia kama ni wakati wa kuacha kazi. Naomba mnishauri kwa yale mnayoyajua.

Wakala wa Hataza, Nairobi

Ndugu Fundi, umefanya vyema kutoeleza kiini cha kazi yako hapa, na ninakuomba uendelee hivyo hivyo hata kama kuna atakayekuuliza kwa nia njema.

Sharti la kwanza la hataza ni upya: uvumbuzi uwe haujawekwa wazi mahali popote duniani kabla ya siku ya kuwasilisha ombi. Sheria ya Miliki ya Viwanda ya Kenya ya mwaka 2001 imekuachia mlango, kwani mvumbuzi aliyeufichua uvumbuzi wake mwenyewe ana miezi 12 ya kuwasilisha ombi bila ufichuzi huo kumdhuru. Wewe umetumia minane. Marekani nako wanaruhusu mwaka mmoja. Ulaya hawana huruma hiyo, na ulichokionyesha kwenye semina kimekwisha kupoteza upya wake huko. Hata hivyo, soma vizuri maneno yangu: ulichokionyesha. Ikiwa watu waliona mkanda na namba kwenye kioo cha simu tu, bila kuelezwa programu inavyochuja kilio, basi sehemu hiyo bado ni siri yako, na huenda ndiyo yenye thamani zaidi. Ukiieleza kwenye video ya shindano kabla ya kuwasilisha ombi, utaipoteza nayo kwa mikono yako.

Fahamu pia kwamba sheria yetu haitoi hataza kwa njia za kutambua ugonjwa katika mwili wa binadamu, lakini inaruhusu bidhaa zinazotumika katika njia hizo. Kwa hiyo madai yako, yaani sehemu ya ombi inayotaja unachotaka kilindwe, yasiandikwe kama namna ya kutambua nimonia, bali kama kifaa chenye mkanda, kihisi na kichakataji kinachoishughulikia ishara kwa hatua fulani. Nimeona maombi mazuri yakikataliwa kwa sababu aliyeyaandika alijisifia matokeo na kusahau kueleza mashine.

Ombi lenye maelezo kamili likishapokelewa na KIPI, taasisi ya miliki ya viwanda ya Kenya, utapata tarehe, na kuanzia tarehe hiyo una miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine kwa kuitegemea, ama moja kwa moja, ama kwa njia ya Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, ambao hukuruhusu kuahirisha gharama za nchi moja moja hadi mwezi wa 30. Ukitaka kuanzia Kenya, Uganda na Tanzania kwa ombi moja, iko ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika, lenye makao yake Harare.

Swali lako la ajira limenitia wasiwasi zaidi ya shindano. Je, uliwahi kutumia vifaa au takwimu za hospitali katika kazi hii? Kwa sheria yetu, uvumbuzi usiohusiana na ajira na uliofanywa bila rasilimali za mwajiri ni wako peke yako. Ukitoka nje ya mpaka huo, mwajiri anaweza kuudai.

Mhandisi wa Ughaibuni, Dallas

Ndugu yangu, ninafanya kazi katika programu za hospitali huku Marekani, na ningependa uifahamu safari ya daktari mmoja wa Oklahoma, David Albert, kwa sababu swali lako yeye alilijibu kwa vitendo.

Albert hakuanza na umaarufu. Alianzisha kampuni ya vifaa vya moyo iitwayo Corazonix, kisha Data Critical, iliyokuwa ikirusha michoro ya moyo ya wagonjwa bila waya hadi mikononi mwa wahudumu, na ambayo kampuni kubwa ya Marekani, GE, iliinunua mwaka 2001. Kisha akatengeneza kava la simu lenye vyuma viwili. Mtu akivishika kwa vidole, kifaa kinabadilisha umeme wa moyo kuwa sauti ya juu ambayo sikio la binadamu halisikii, na maikrofoni ya simu inaipokea na kuchora ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Hakuhitaji waya wala kuunganisha chochote. Nilipousoma ufundi huo kwa mara ya kwanza niliuweka mkono wangu juu ya simu nikatafakari kwa muda mrefu.

Siku ya mwisho-mwisho ya 2010, tarehe 30 Desemba, aliweka video yake kwenye YouTube, nayo ikasambaa kwa kasi. Lakini ombi la hataza alikuwa amekwisha kuliwasilisha Juni mwaka huohuo. Kampuni ya AliveCor ikafuata 2011, na kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, kikapatikana mwishoni mwa 2012.

Sasa sikiliza na upande wa pili. Apple walipoingiza ECG kwenye saa yao mwaka 2018, AliveCor walishtaki. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliona kwamba Apple wamekiuka hataza, lakini mwezi huohuo bodi ya ofisi ya hataza ilibatilisha hataza tatu zilizohusika, ikisema mtu mwenye ujuzi wa fani angeweza kuzifikia. Machi 2025 mahakama ya rufaa ikaunga mkono ubatilishaji huo. Kampuni bado ipo na vifaa vyake vinauzwa, kwa kuwa ilikuwa na vibali, tafiti za madaktari na wateja. Pata hataza, ndugu yangu, ila usiache kazi kwa kuitegemea hiyo pekee.

Nesi Mstaafu, Malindi

Mwanangu, mimi nimehesabu pumzi za watoto kwa miaka 31, na nimesoma maneno yako machozi yakinilenga. Mambo ya sheria nawaachia wenyewe. Nina swali moja tu: mkanda wako umelinganishwa na hesabu ya nani? Wauguzi wawili wakimhesabu mtoto mmoja hawapati namba moja kila mara. Tafuta daktari wa watoto, mpate idhini ya kamati ya maadili, mrekodi video za vifua na zihesabiwe na watu wawili wasiojua mkanda umesema nini. Tena upime watoto waliokonda kwa utapiamlo, maana mbavu zao hazisogei kama za mtoto aliyenenepa. Wa miezi mitatu na wa miaka minne usiwafunge mkanda mmoja. Bila hayo, Bodi ya Famasia na Sumu haitakusajilia kifaa.

Mwandika Programu, Kisumu

Nyongeza fupi. Takwimu za afya za mtoto ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sasa kuna pia Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Kama hesabu inaweza kufanyika ndani ya simu bila jina la mtoto kwenda popote, ijenge hivyo tangu sasa. Kubadilisha baadaye ni kuandika upya.

Fundi wa Vifaa, Mombasa

Shikamoo Mama Nesi, na asanteni nyote. Nimesoma kila jibu mara mbili, nikamsomea na mke wangu.

Kwenye semina sikueleza uchujaji wa kilio. Walichoona ni mkanda na namba. Kuhusu vifaa vya hospitali, lazima niseme ukweli: usiku mbili nilitumia osiloskopu (mashine inayoonyesha ishara za umeme) ya karakana ya hospitali kulinganisha ishara, na nililiandika jambo hilo kwenye daftari langu pamoja na tarehe. Vipuri vyote nilinunua mwenyewe na risiti ninazo. Mwenzangu amekubali tuwaandikie waandaaji wa shindano tuombe kuonyesha hesabu kwenye kioo tu, na wakikataa tutajitoa. Kazi siachi. Daktari mmoja wa watoto amekubali kukutana nami Alhamisi kuhusu kamati ya maadili.

Ndugu Wakala, hizo usiku mbili za osiloskopu nifanye nini nazo?

Wakala wa Hataza, Nairobi

Usiuguse ukurasa huo wa daftari. Kabla ya kuwasilisha ombi, mwandikie mwajiri barua, ukiri matumizi hayo kama yalivyo, uambatanishe nakala za risiti, na uombe tamko la maandishi kwamba hospitali haina dai juu ya uvumbuzi. Usieleze uchujaji ndani ya barua. Wakitaka kulijua hilo kwanza, watie sahihi mkataba wa kutunza siri. Jibu likichelewa, wasilisha ombi kabla miezi minne haijaisha, na suala la mwajiri liendelee kushughulikiwa kando.