Naomba ushauri: bitiruti inavuja rangi hata kwenye maji ya baridi

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia kidato cha tano, na keshokutwa nina jaribio la utando wa seli.

Nadharia haina shida. Fosfolipidi, yaani molekuli ya mafuta inayojenga utando huo, ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, hivyo zinajipanga safu mbili, mikia ikiwa ndani. Habari ya wanasayansi Gorter na Grendel, waliotoa lipidi (mafuta) za chembe nyekundu za damu mwaka 1925 wakaona zinatosha kuzifunika chembe hizo mara mbili, wanafunzi waliipenda mno.

Kasheshe ni jaribio lenyewe. Natumbukiza vipande vya bitiruti kwenye maji ya nyuzi 30, 50 na 70, waone joto linavyouvuruga utando hadi rangi itoke. Sasa nilipojaribu jana, hata maji ya baridi yaligeuka mekundu! Nahisi ni kisu (butu kweli) kinachopasua seli za pembeni. Mwenzangu anasema nivioshe vipande kwanza. Mwingine analaumu bitiruti zilizolala sokoni.

Waliowahi kulifanya, mliviosha kwa muda gani? Na mnatunzaje nyuzi 50 zisishuke, ukiwa na jiko la mkaa na kipimajoto kimoja?