Tuliokatwa tumbo tukapungua, sasa kilo zinarudi: tupeane uzoefu

Binti Temeke
Wakuu, habari za majukumu. Juzi nilipeleka gauni kwa fundi wangu pale Tandika, lile la harusi ya mdogo wangu, linanibana kwapani na kiunoni. Fundi akaligeuza nje ndani, akanionyesha kitambaa amekikunja inchi mbili kila upande, hakukikata. Nikamuuliza mbona hukukata? Akanijibu pini zikiwa mdomoni: "Nilikuachia dada. Wengi hurudi." Nimetoka pale hadi kituoni sijamjibu.

Historia yangu kwa kifupi. Mwanzoni mwa 2020, kabla Korona haijafunga viwanja vya ndege, nilikwenda India nikakatwa tumbo, ile wanayotoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula wanakuachia kitu chembamba kama ndizi. Nilikuwa kilo 138. Mwezi wa 16 nikafika 81, nikavaa jinzi kwa mara ya kwanza tangu kidato cha nne. Leo mzani unasoma 97. Na siyo kwamba nakula! Ugali wangu ngumi ya mtoto, nyama vipande vitatu, nimeshiba. Sasa hizi kilo zinapitia mlango gani? Waliopita njia hii waje. Wa kunicheka, nyuzi ziko nyingi.

Mzee Kimya
Naweka kambi hapa. Mke wangu katoka 79 yuko 92 na hataki tuliongelee.

Wa Githurai
Dada, mimi nilifanyiwa baipasi hapa Nairobi, ile wanayokuachia kifuko kidogo cha tumbo wanakiunganisha na utumbo, huu mwaka wa tano. Nikuulize kitu kimoja tu, unakunywa nini? Mimi nilikuwa nahesabu sahani, kikombe sihesabu. Mwaka wa kwanza sukari ilikuwa inanipiga vibaya: jasho, moyo mbio, natafuta choo kama mwizi. Mwaka wa tatu ikaacha kunipiga, nikafurahi kumbe ndio balaa. Chai ya maziwa vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu. Hiyo ni vijiko kumi na viwili na bado sijakula kitu.

Binti Temeke
@Wa Githurai juisi ya miwa. Kila jioni nikishuka kwenye gari, ile ya kukamuliwa na ndimu na tangawizi. Ee Mungu wangu. Na karanga za ofisini.

Mpemba wa Ruwi
Huku Maskati ukisema umekatwa tumbo hashtuki mtu, ukoo wangu peke yake tuko wanne. Kinachoturudisha ni kahawa. Si kahawa yenyewe, haina kosa, ni wenzake inaokuja nao. Nyumba hii kijiko cha halwa na tende tatu, nyumba ya pili kijiko na tende tatu, na kukataa ni kumvunjia mtu heshima. Kufika magharibi nshakula bakuli zima na tumbo halijajua kama limekula. Wali ungenizuia kwa vijiko vinne. Halwa inateleza.

Bwana Jembe
Mtu anauza kiwanja anakatwa tumbo halafu anakuja kulia humu kilo zimerudi. Shika jembe, lima ekari mbili kila msimu, uone kama utanenepa. Bibi yangu hakuwahi kuona mzani.

Dada wa Mbezi
@Bwana Jembe bibi yako hakuwa anakaa foleni ya Mbezi masaa matatu asubuhi na masaa matatu jioni. Weka picha yako na kitambi hapa tukulinganishe na jembe.

Bwana Jembe
Sina kitambi.

Dada wa Mbezi
Picha.

Nesi Mstaafu
Acheni ugomvi, wanangu. Binti Temeke, nikueleze taratibu. Operesheni uliyofanyiwa hutoa kama robo tatu ya mfuko au zaidi, na sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini. Ndiyo maana mwaka wa kwanza unasahau hata kula. Uzito hufika chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, halafu wengi hupanda kidogo. Waswidi walianza kuwafuatilia watu waliofanyiwa operesheni za kupunguza uzito tangu 1987, na mchoro wao ndivyo ulivyo: unashuka, unapanda kidogo, unatulia. Kwa hiyo kurudi kilo chache si dhambi, ila 16 kati ya 57 ulizopungua si chache, tuzitafute.

Anza na protini. Gramu 60 kwa siku zisipungue. Yai moja lina kama gramu 6, piga hesabu, na usije ukala mayai kumi, changanya na samaki, dagaa, kuku, maharage, mtindi usio na sukari. Kula nyama kwanza, mboga pili, ugali mwisho kama nafasi ipo. Maji usinywe na chakula, subiri nusu saa. Ukisukumia chakula kwa kinywaji kinashuka upesi na njaa inarudi upesi. Na mwambie daktari akupime vitamini B12 na damu.

Dada wa Mbezi
Asante mama. Hilo la kusukumia limenigusa.

Kaka wa Moshi
Nami niseme langu, fupi. Baada ya baipasi bia mbili zilinifanya kama sita. Nilidhani nimepata bahati, gharama imepungua. Mwaka wa pili nilikuwa nakunywa kila siku. Sikuwa mlevi kabla ya kukatwa, mke wangu shahidi. Kilo 14 zimerudi, zote kwa chupa. Sasa nina miezi saba sijagusa hata mbege ya msibani. Daktari alinionya, nikadhani anaongelea watu wengine.

Wa Githurai
Hongera ndugu. Miezi saba si mchezo.

Mangi Mdogo
Mimi kilichonimaliza ni ndugu. Nilipofika 70, mtaa ulishanizika. Mnajua huku kwetu ukikonda ghafla watu wanakuuliza umeanza dawa lini. Shangazi akahamia kwangu na sufuria ya mtori, kila asubuhi kikombe kikubwa, nyama imesagikia humo, siagi juu. Mtori hauhitaji hata kutafuna! Walipoacha kunionea huruma nilikuwa 88.

Tabibu Asilia Tz
Ndugu zangu msihangaike, tuna unga wa mlonge na mdalasini, siku 21 unashuka kilo 15, njoo inboksi

Mangi Mdogo
Toka hapa.

Mzee Kimya
Toka.

Mama Mizigo
Nina miaka minne humu nasoma tu, leo nimejikuta nimefungua akaunti. Hilo la kusukumia chakula na la ndugu yamenikuta yote mawili. Mnisamehe urefu.

2019 nilikuwa 126. Nilikuwa na pesa ya kijumbe ya miaka miwili na kiwanja kimoja Chanika nikakiuza. Mume wangu hapendi visu. Nikamwambia naenda Guangzhou kuchukua mzigo wa mapazia. Nikaenda Chennai. Siku 13. Niliporudi Dar sikwenda nyumbani, nilipitia Kariakoo nikanunua mapazia katoni mbili, nikayafunga upya kwa gundi ya karatasi, nikafika nayo kwenye teksi. Mume akabeba katoni anashangaa wepesi wake.

Usiku akaona matundu. Yako matano, madogo, tumboni. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema kidole tumbo kilinipasukia Guangzhou. Mwanaume alikaa chini akanishika miguu, pole mke wangu, na hukuniambia. Asubuhi alishampigia mama yake, na mama mkwe akaja na basi la kwanza kutoka Korogwe kuniuguza.

Sasa mtu wa kidole tumbo anapewa chakula apate nguvu. Mimi wiki zile nilitakiwa vitu vya majimaji tu, kijiko kijiko. Nilikuwa namwaga chini ya mpapai. Mwezi wa pili akapika ndizi nyama, akakaa mbele yangu. Kipande cha nyama hakikushuka. Wenzangu mnajua: kifua kinabana kama umemeza jiwe, mate yanajaa, halafu povu jeupe zito lisiloisha. Nikakimbilia bafuni. Narudi nimeegemea ukuta, mama mkwe anatabasamu. "Mwanangu, ni mwezi wa ngapi?"

Tuna mtoto mmoja, alikuwa na miaka sita. Walikuwa wanasubiri. Nilitakiwa niseme hapana. Nikanyamaza. Jioni mume akaja na kilo ya machungwa, na vitenge viwili, na akaniwekea mto mgongoni. Niliendelea kutapika, kila siku mimba inakuwa ya kweli zaidi. Wiki ya tano nikasema imetoka. Saa nane usiku niliamka nikamkuta amekaa kwenye ngazi ya nyuma, taa hajawasha, anamlilia mtoto ambaye hakuwahi kuwepo. Nikarudi kitandani. Sikumwambia.

Kuanzia hapo nilikula. Kila alichoniletea nilikula, chips kuku saa nne usiku, nimekula. Kisiposhuka nakisukuma kwa soda, kinashuka. Nilikuwa nimefika 74. Leo 103. Yeye anafurahi, anasema nimerudi kuwa mke wake.

Dada wa Mbezi
Nimeshindwa kufanya kazi. Pole dada yangu. Pole.

Mpemba wa Ruwi
Laa ilaaha.

Bwana Jembe
Huo ni utapeli wa ndoa, na mtoto wa uongo juu. Mwambie leo.

Mangi Mdogo
Asimwambie! Limepita. Unaamsha msiba uliokwisha zikwa kwa faida gani?

Wa Githurai
Haujazikwa, ndio maana anakula. Mwambie, lakini uwe na mtu mzima karibu.

Mzee Kimya
Mimi ni mume. Ningependa kujua. Ningekasirika mwezi mzima, pengine miwili. Lakini ningependa kujua.

Dada wa Mbezi
Swali la uchokozi kidogo, mapazia uliyauza?

Mama Mizigo
Kwa faida. Yalinikalia miezi mitatu tu 😅

Nesi Mstaafu
Mama Mizigo, la ndoa nawaachia wenzangu, mimi nishike la mwili. Yule mama mkwe hakukosea kuuliza mimba, alikosea kutokujua, na aliyemnyima kujua ni wewe. Kutapika kila siku kwa majuma baada ya operesheni ile si jambo la kuficha bafuni, unapungukiwa vitamini B1 na mishipa ya fahamu inaweza kuharibika. Ulibahatika. Na mimba huwa tunaomba isubiriwe mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Sasa hivi anza na jambo dogo: soda. Usiitoe nyumba nzima, itoe kwenye mlo wako tu. Tumbo lako bado linajua kusema basi, unalinyamazisha wewe.

Mchumi wa Ubungo
Kuna sindano za kupunguza uzito za kila wiki siku hizi, semaglutide na wenzake. Rafiki yangu alirudisha kilo 20 baada ya kukatwa, daktari kamwanzishia, zimeshuka 12.

Mpemba wa Ruwi
Kweli, huku ziko. Ila ukiziacha na mkono wako bado umo kwenye halwa, unarudi ulikotoka. Na usinunue za kichochoroni.

Mangi Mdogo
Mimi napima uzito kila Ijumaa asubuhi kabla ya chai. Kilo mbili zikipanda natafuta sababu, sisubiri ziwe kumi.

Kaka wa Moshi
Mimi mzani niliutupa. Ulikuwa unanipeleka baa. Natumia mkanda wa suruali, tundu la nne.

Wa Githurai
Na goti likiuma msikimbilie diklofenaki kama mimi. Kwa sisi wa baipasi zinatoboa vidonda. Nilitapika damu ndio nikaambiwa ningemeza parasetamoli.

Binti Temeke
Jamani uzi wangu ulikuwa wa gauni 😂 Lakini nimepata nilichokitafuta. Leo nimeshuka kituo kimoja kabla ili nisipite kwa yule kijana wa miwa. Kaniona kwa mbali akanipigia mluzi, glasi ameshaijaza. Nimeinua mkono nikaendelea. Roho imeniuma kama nimemkana ndugu. Karanga bado, karanga nitazishughulikia wiki ijayo.

Bwana Jembe
Kazi nzuri. Ile picha sitaweka.

Dada wa Mbezi
Tulijua.

Mama Mizigo
Nimerudi kidogo. Usiku huu kaja na chips kuku kama kawaida. Nimekula kuku vipande viwili, taratibu, bila kinywaji, nikasukuma sahani. Akaniangalia. "Unaumwa?" Nikamwambia hapana, nimeshiba, kipande hiki ndicho kinachonitosha, kimekuwa kinanitosha tangu 2019. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Tangu Guangzhou?" Nikamwambia kafunge geti kwanza halafu uje ukae. Nasikia kufuli. Naandika haraka.

Mzee Kimya
Zima simu, dada.

Chaurembo
Habari wakuu, nimechelewa, uzi sijausoma wote. Lile puto la kupunguza uzito wanaloweka hospitali ya Mloganzila linakaa tumboni muda gani, na likitolewa kilo zinarudi?