Mjadala: Mlinzi wa mstari wa mbele apimwe kwa kimo au kwa mikono yake?

Wadau wa mpira wa Kimarekani, kila drafti ya NFL (timu za ligi ya kulipwa ya Marekani zikichagua kwa zamu vijana wa vyuo) ikikaribia tunarudi palepale: kijana ametisha chuoni, lakini mfupi, mwepesi, mikono haifiki. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa wachezaji wa mstari wa ulinzi, futi na mizani zinaaminiwa kupita kiasi.

Chukueni Aaron Donald. Mwaka 2013, akiwa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliwaangusha wapinzani nyuma ya mstari wao mara 28.5 (nusu huhesabiwa wawili wanapomwangusha mtu pamoja). Kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, alimlaza mara 11. Akabeba tuzo za Outland, Lombardi, Bednarik na Nagurski msimu huohuo. Bado kelele ikawa mwili: sentimita 185 hivi, kilo 129. Kwenye vipimo vya Indianapolis, wanakopimwa vijana kabla ya drafti, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.68, na bado Mei 2014 wakaitwa watu 12 kabla yake. Rams, timu iliyomchukua, walikuwa na zamu ya 2 na ya 13. Zamu ya 2 walimchukua Greg Robinson, mkingaji wa kwotabeki, na mwaka 2017 wakampeleka timu ya Detroit. Donald, wa zamu ya 13, mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi nzima. Akarudia 2018 na 2020.

Na kwa kazi ile, ufupi wenyewe ni silaha. Anayeingia chini ya kifua cha mwenzake ndiye anayemsukuma. Rudieni mechi zake: mpira ukitikisika tu ameshapiga hatua, kiganja kinapangua mikono ya mkingaji kabla haijamshika, bega limepita.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Wafupi waliopotea hatuwataji kwa sababu hatuwakumbuki. Mimi nakupa Ziggy Ansah wa Ghana. Alianza kucheza mpira huu mwaka 2010, akiwa tayari chuoni BYU. Msimu wa 2012 alimwangusha kwotabeki mara 4.5 tu. Detroit wakaona mwili na kasi, wakamchukua wa 5 mwaka 2013, na 2015 akaangusha mara 14.5. Kwa kipimo chako, huyo si ungemwacha?

*Mchangiaji wa pili:*
Inategemea kazi. Vita Vea alichukuliwa na Tampa Bay mwaka 2018 akiwa na zaidi ya kilo 150. Kazi yake ni kuziba katikati, hata wakimjia wawili. Hapo uzito ndiyo kazi yenyewe.

*Mwanzisha mada:*
Kuhusu Vea nakubali bila ubishi. Anayeziba apimwe kama mzibaji.

Ansah naye kanifikirisha, ila sikusema tuabudu takwimu. Vernon Gholston mwaka 2007 aliangusha makwotabeki mara 14 pale Ohio State, na mwili wake skauti yeyote angeutamani. Timu ya Jets wakamchukua wa 6 mwaka 2008. Misimu mitatu, hakumwangusha kwotabeki hata mara moja. Takwimu zilikuwepo, mwili ulikuwepo. Ndiyo maana nasema tuulize alimpitaje mtu. Kwa mbinu, au kwa kumzidi nguvu tu? Wengi wanaosimama mbele yake Jumamosi chuoni hawatalipwa hata siku moja kucheza mpira huu. Nguvu inayomtupa mwanafunzi inagonga mwamba Jumapili kwenye NFL, mbele ya mtu mzima anayelisha familia kwa kazi hiyo.

Mkumbuke Februari 2022, fainali ya Super Bowl. Bengals, wapinzani wa Rams, wako nyuma 23 kwa 20, jaribio la nne na la mwisho, wanahitaji yadi 1 tu wabaki na mpira. Donald akapenya, akamzungusha kwotabeki wao Joe Burrow, mpira ukatupwa ovyo, mechi ikaisha pale. Anayetetea futi aniambie: kwenye orodha yake ya 2014, yule wa sentimita 185 angemweka wa ngapi?