Ile lebo ya ndani ya nguo: tupeane uzoefu wa kufua

Mama Wawili, Morogoro
Wanajamvi, habari za jioni. Jumamosi nimelia kwa ajili ya sweta. Mume wangu aliniokotea mtumbani mwaka juzi, sufu tupu, laini, nikaivaa kipindi chote nilichonyonyesha. Juzi nikailoweka maji ya moto na sabuni ya unga, nikaisugua kama ninavyosugua sare za shule. Nilipoianua ilikuwa ngumu kama jamvi na imenywea, inamtosha mwanangu wa miaka minne. Ndipo nikageuza mbavuni kuangalia lebo: beseni lenye mkono ndani, pembetatu yenye mkasi wa X, mraba wenye mstari wa kulala. Miaka yote nilijua ni nembo za kiwanda. Wenzangu, nyie mlijifunzaje? Na sweta yangu itarudi?

Dobi wa Temeke
Pole sana dada. Haitarudi, nakwambia ukweli. Unyoya wa kondoo una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiupa joto na kuusugua, magamba yanashikana na hayaachiani tena. Huo mkono ndani ya beseni ulikuwa unakwambia: fua kwa mkono, maji yasizidi nyuzi 40, bonyezabonyeza tu, usikamue. Mstari wa kulala kwenye mraba maana yake anika imelazwa. Ukiitundika kambani, uzito wa maji unaivuta mpaka mikono inafika magotini. Mimi natandika taulo juu ya mkeka, naitandaza hapo kivulini.

Wanaoanza wakariri michoro mitano: beseni ni kufua, pembetatu ni jiki, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, duara ni la drai klina. Ukiona X juu yake, acha kabisa. Kistari chini ya beseni maana yake fua taratibu, viwili ni taratibu zaidi.

Pembetatu ndiyo iliyonitoa pesa mfukoni. Mteja alileta fulana nyeupe ya kubana, ile yenye lastiki ndani yake. Nikatia jiki ing'ae. Ikatoka ya njano kama imechovywa kwenye chai, nikamlipa. Pembetatu tupu, jiki ruksa. Ikiwa na mistari miwili ya mshazari, tumia dawa ya kung'arisha isiyo na klorini tu.

Binti wa Mji wa Kale, Mombasa
Shukran fundi. Mimi niliunguza buibui la dadangu siku ya harusi ya binamu yetu, saa moja kabla ya kutoka. Lebo ilikuwa na pasi yenye nukta moja, yaani nyuzi 110 mwisho. Nukta mbili ni 150, tatu ni 200. Mimi nilitoka kupiga kanzu ya pamba, pasi ingali moto ule ule, nikaiweka. Kitambaa kiling'ata pasi, pakabaki alama inayong'aa ya umbo la pasi, nyuma, palepale pa kukalia. Nyanya hakunigombeza, alinionyesha tu: nguo igeuze ndani nje, weka kitambaa cha pamba kibichi juu yake, ndipo upitishe pasi. Tangu siku hiyo naanza na za nukta moja, za pamba zangoja mwisho.

Mkaazi wa Toronto
Huku tunakausha kwa mashine, ule mraba wenye duara ndani. Niliingiza shati langu la kitenge nililoshonewa Dar, likatoka fupi, vifungo vinavutana tumboni. Na kitenge hakina lebo, mtu huna wa kumuuliza. Sasa nguo zote za nyumbani naanika kwenye waya bafuni.

Mama Wawili
Hapo kwenye kutokuwa na lebo ndipo penye kazi! Mitumba mingi lebo imekatwa, na ya Marekani mara nyingi ni maneno matupu ya Kiingereza. Tunafanyaje?

Dobi wa Temeke
Kwa rangi: lowanisha ncha ya ndani, bana na kitambaa cheupe. Kikishika rangi, hiyo nguo ifuliwe peke yake, maji baridi.

Kwa kitambaa: chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, ushike kwa kibano, uuwashe juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi ni pamba. Ukiyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi, hiyo ni poliesta, pasi yake iwe ya vuguvugu.

Na koti la suti lenye duara na herufi P, usililoweke kwenye ndoo hata kama mwenye nalo ana haraka. Herufi hiyo inamwambia wa drai klina atumie dawa gani. Kifuani mwa makoti mengi kuna kitambaa kilichogandishwa kwa gundi. Maji yakiingia gundi inaachia, kifua kinaota malengelenge, na hakuna pasi itakayoyatuliza.

Mama Wawili
Asante kaka, Mungu akuzidishie. Nimetoka kuchomoa uzi kwenye skafu ya mume wangu isiyo na lebo. Umenuka nywele kabisa, mtoto kakimbia na pua yake! Nimeifua kwa maji baridi bila kuisugua. Saa hizi imelala juu ya taulo chini ya mwembe, na nimemkataza kila mtu kuisogelea.