Malengelenge kwenye tumbo la chatu: je, nimwoshe kwa Dettol?

BiPangani:

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Ninaishi Leeds, Uingereza, na tangu mwezi wa tisa ninamtunza chatu wa mwanangu, ambaye amekwenda chuo kikuu katika mji mwingine na mabweni yao hayaruhusu wanyama. Ni jike mwenye urefu wa mita 1.1 hivi, wa aina ya Python regius, yule chatu mdogo anayejikunja kama mpira akiogopa. Sikulelewa katika nyumba yenye nyoka. Kwetu nyoka akionekana uani huitwa wanaume na fimbo. Lakini nilimwahidi mwanangu kumtunza, na kwa miezi hii nimemzoea kiasi kwamba hali yake ya sasa inaninyima usingizi.

Wiki tatu zilizopita alijivua gamba vibaya, ngozi ikatoka vipande vipande. Nilisoma kwamba chanzo ni hewa kavu, nikaanza kunyunyizia kizimba maji mara tatu kwa siku. Matandiko yake ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Juzi nilipomwinua ili nisafishe, nikaona magamba sita hivi ya tumboni, karibu na mkia, yamegeuka rangi ya kahawia. Mawili yana malengelenge yenye majimaji, na moja limeanza kubanduka pembeni. Hakuna usaha wala harufu. Alikula panya wake siku nne zilizopita bila shida.

Ndani ya nyumba nina Dettol, spiriti na haidrojeni peroksaidi. Je, ipi kati ya hizi inafaa, na niichanganye na maji kwa kipimo gani? Nina pia binti wa miaka mitatu, na ningependa kujua kama yumo hatarini.

MfugajiHamburg:

Waleikum salaam, dada. Naomba usitumie hata moja kati ya hizo tatu. Najua Dettol tumeogeshwa nayo tangu utotoni, lakini kiini chake ni kloroksilenoli, kemikali ya jamii ya fenoli, na jamii hiyo ni sumu kwa nyoka, hasa ikipita kwenye ngozi iliyokwisha kupasuka. Spiriti huunguza na kukausha. Peroksaidi inatoa povu linalomfanya mtu aamini kwamba kidonda kinasafika, kumbe inaua pia chembe mpya za ngozi zinazojaribu kukifunga. Epuka vilevile mafuta ya mti wa chai na malhamu yoyote ya vidonda iliyotiwa dawa ya ganzi.

Kabla ya dawa, tuambie mambo matatu: joto la kizimba ni nyuzi ngapi mchana na usiku, mkeka wa joto una kidhibiti au hauna, na ukiingiza kidole chini kabisa kwenye yale makumbi unakuta nini?

BiPangani:

Ahsante sana kwa kunizuia. Mkeka wa joto una kidhibiti, lakini tangu Novemba nimekuwa nikiuzima usiku kwa sababu bili ya umeme ilitushinda. Leo nimepima: upande wa joto ni nyuzi 25 mchana, na alfajiri kizimba chote kilikuwa nyuzi 20. Makumbi juu yanaonekana makavu, lakini chini yameloa kabisa, na ukiyakamua maji yanatoka.

DaktariWaMifugo_Nrb:

Dada, majibu yako yametueleza ugonjwa wenyewe. Mimi ni daktari wa wanyama, Nairobi, na nimewahi kutibu reptilia, ingawa naomba uelewe kwamba simwoni mgonjwa na kwa hiyo ushauri wangu una mipaka.

Nyoka hana joto lake mwenyewe. Kinga ya mwili wake hufanya kazi ipasavyo tu pale mwili unapofikia joto analolihitaji, na kwa chatu wa aina hii upande wa joto unapaswa kuwa kati ya nyuzi 31 na 33, upande wa ubaridi nyuzi 25 hadi 27, na usiku kisishuke chini ya 24. Ukimlaza mnyama wa namna hiyo juu ya matandiko yaliyoloa, katika nyuzi 20, ngozi ya tumbo inalainika, bakteria kama Pseudomonas na Aeromonas, ambao hupenda mahali penye unyevunyevu, wanapenya kati ya magamba, na mwili hauna nguvu ya kuwarudisha nyuma. Ndiyo maana husema kwamba dawa ya kuua vijidudu ni msaidizi tu. Ukimpaka iodini kila siku kisha ukamrudisha kwenye makumbi yale yale, hatapona.

Kwa hiyo leo hii toa matandiko yote, osha kizimba, kikaushe, na utandike karatasi tupu za jikoni au magazeti, ubadilishe kila siku na kila anapochafua. Washa mkeka usiku na mchana. Maficho yake yaoshwe na kukaushwa vizuri. Acha kunyunyizia maji kabisa. Watu wengi huchanganya unyevu wa hewa na kuloa kwa sakafu: huyu chatu anahitaji unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 60, ambao utaupata kwa kuweka bakuli pana la maji na kupunguza matundu ya hewa kidogo bila kuyaziba, ilhali tumbo lake linalala pakavu.

Sasa dawa. Duka la dawa la karibu nawe litakuwa na povidoni-iodini ya asilimia 10, ile ya majimaji ya kahawia. Iodini hupungukiwa nguvu inapokutana na uchafu na usaha, kwa hiyo kwanza safisha eneo kwa maji ya chumvi, gramu 9 za chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Kisha tia mililita 10 za iodini katika lita moja ya maji ya uvuguvugu ya nyuzi 28 hadi 30. Rangi yake itakuwa kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiwa nzito kama kahawa umezidisha, na iodini iliyozidi huunguza. Mimina kwenye beseni lenye mfuniko wenye matundu, maji yafike chini ya nusu ya unene wa mwili ili kichwa kisizame, umwache humo dakika 10 hadi 15 mara moja kwa siku, nawe usiondoke. Mpe maji safi ya kunywa kabla, ili asije akakata kiu kwa maji ya dawa. Akitoka, mkaushe kwa kitambaa laini kwa kumgusagusa bila kumsugua, na usimrudishe kizimbani akiwa bado na unyevu. Kwa kuwa amekula siku nne zilizopita unaweza kuanza leo, lakini siku zijazo subiri angalau saa 48 baada ya mlo kabla ya kumshika.

Usipasue malengelenge, wala usivute lile gamba linalobanduka. Chini yake kuna ngozi isiyo na kinga yoyote.

Mpeleke kwa daktari bila kungoja endapo utaona wekundu unaenea chini ya magamba ya tumbo mbali na vidonda, kwa sababu huenda bakteria wameingia kwenye damu, na hapo nyoka anaweza kufa kwa muda mfupi. Vivyo hivyo ukiona usaha, harufu, nyama iliyo wazi, kupumua kwa mdomo wazi, au kulegea. Na hata kama huoni dalili hizo, siku 7 zikipita bila nafuu, mpeleke. Tafuta daktari anayeshughulika na reptilia, kwa maana madaktari wengi wa mbwa na paka hawakusomea nyoka kwa kina.

Kuhusu binti yako: nyoka wengi hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha watu, bila wao wenyewe kuumwa, na watoto walio chini ya miaka 5 ndio wanaodhurika zaidi. Beseni liwe la nyoka peke yake, lisioshwe kwenye sinki la jikoni wala bafu la mtoto, maji yamwagwe chooni, mikono ioshwe kwa sabuni, na mtoto asimshike.

Mtembezi_Watamu:

Daktari amesema yote kwa ufasaha, nami nina jambo moja la kutofautiana naye kwa heshima. Katika miaka niliyofanya kazi kwenye bustani ya nyoka hapa Pwani, tulipendelea kloheksidini kuliko iodini, kwa sababu athari yake hukaa kwenye ngozi kwa muda mrefu zaidi na haichafui magamba, hivyo kila asubuhi unaona wazi kama wekundu umeongezeka. Ukipata ya asilimia 2, mililita 25 katika maji yanayotosha kufanya lita moja hukupa asilimia 0.05, na hiyo yatosha.

DaktariWaMifugo_Nrb:

Nakubali, kloheksidini ni dawa nzuri, na hoja ya kuona rangi ya ngozi ina uzito. Nilimshauri iodini kwa sababu moja: kloheksidini inayopatikana kwa urahisi Uingereza ni ile ya asilimia 4 iliyochanganywa na sabuni kwa ajili ya kunawa mikono kabla ya upasuaji, na sabuni hiyo haifai kulowekea mnyama mwenye vidonda. Dada akipata ya maji matupu, isiyo na sabuni, aitumie kwa kipimo ulichotaja, aiepushe na macho na mdomo. Achague moja. Asizichanganye.

BiPangani:

Ndugu zangu, narudi baada ya wiki sita. Nilifuata maelekezo ya iodini na karatasi tangu siku ile ile, na kufikia siku ya tano malengelenge mawili yalikuwa yamenywea. Siku ya nane, hata hivyo, gamba lililokuwa limebanduka lilitoa usaha kidogo wa manjano. Nilimpeleka kwa daktari wa reptilia asubuhi iliyofuata. Alichukua sampuli ya kidonda ili ioteshwe maabara, akaniambia kwamba vidonda vingine vya namna hii husababishwa na kuvu ambayo iodini ya juu juu haiifikii, na kwamba bila sampuli mtu hubahatisha. Kwa bahati njema ilikuwa Pseudomonas. Alimdunga seftazidimu, dawa ya kuua bakteria, kila baada ya saa 72, akanipa krimu ya salfadiazini ya fedha ya kupaka tabaka jembamba baada ya kumkausha.

Juzi amejivua gamba, na safari hii limetoka zima kama soksi. Magamba manne yamekuwa meupe na laini, mawili bado yana kovu la kahawia. Mkeka wa joto sijauzima tena. Mwanangu nilimweleza ukweli wote, pamoja na habari ya umeme, akanishukuru kwa kutomficha.

Sasa naomba kuuliza: ni lini ninaweza kumrudishia makumbi?

DaktariWaMifugo_Nrb:

Alhamdulillahi. Ulifanya vyema kutongoja hata siku ya kumi. Mwache kwenye karatasi mpaka ajivue gamba mara moja zaidi, kwa sababu ngozi ya tumbo hujijenga upya kidogo kidogo kwa kila gamba linalovuliwa, na yale mawili huenda yakabaki na alama maisha yote bila kumdhuru. Baada ya hapo tandika makumbi makavu, na kila wiki uingize kidole mpaka chini.