Naomba ushauri: mafunzo kwa wakuu wa idara wanaosimamia miradi ya TEHAMA

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni afisa utumishi katika halmashauri moja hapa Tanzania, na nimekabidhiwa jukumu la kuandaa mafunzo kwa wakuu wa idara watakaosimamia miradi ya serikali mtandao, yaani kuendesha kazi na huduma za serikali kwa mifumo ya kompyuta. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ilianzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao inayotoa viwango na miongozo kwa taasisi zote za umma, lakini mafunzo yanayotufikia huishia kwenye namna ya kuingia katika mfumo, kuambatisha nyaraka na kuidhinisha.

Linalonisumbua ni uongozi wenyewe. Mkuu wa idara akiletewa hadidu za rejea za mfumo mpya, yaani maelezo ya kazi utakayofanya na mipaka yake, huzisaini na kumwachia afisa TEHAMA kila kitu, ilhali ni yeye anayepaswa kuamua hatua zipi za kazi ziondolewe kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta, na taarifa binafsi za wananchi zitalindwaje. Matokeo yake, masijala (ofisi inayopokea barua na kutunza majalada) huchapisha barua iliyokwisha kusajiliwa kwenye mfumo, huigonga mhuri na kuipeleka kwa mkuu ili aandike dokezo kwa kalamu.

Kwa mliowahi kuendesha mafunzo ya aina hii, je, kozi fupi ya Chuo cha Utumishi wa Umma inatosha, au ni afadhali wajifunze wakiwa ndani ya mradi halisi? Na mhusika akihamishwa mradi ukiwa katikati, mnafanyaje? Mwenye mfano wa mtaala, au njia ya kumpima mshiriki baada ya kurejea kazini, atakuwa amenisaidia sana.